Nyumba ya vigae daraja A, ya bibi yangu daraja C: tunapima kitu gani hasa?

Binti_Ngambo:

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Naomba msaada, hasa kwa mabwana afya na mabibi afya waliomo humu, wa kazini na waliostaafu. Mie ni mhudumu wa kujitolea wa afya katika shehia yetu (mtaa ulio chini ya sheha) hapa Ng'ambo, mjini Unguja. Tumepewa fomu tupite nyumba kwa nyumba, tunafuatana na mjumbe wa sheha ili watu watufungulie, na kila nyumba tuipe daraja: A nzuri, B ya wastani, C mbaya. Pointi zenyewe zimeshapangwa. Ukuta wa matofali 10, wa udongo 2. Paa la bati 10, makuti 2. Sakafu ya vigae 10, saruji 7, udongo sifuri. Choo cha ndani 10, cha uani 4. Umeme 10, mfereji wa maji (bomba) 10. Unajumlisha, unaandika herufi, unakwenda kwa jirani.

Sasa nisikilizeni nyumba mbili za mtaa mmoja.

Ya kwanza ina geti la chuma na vigae tangu barazani mpaka mwisho wa ukumbi. Vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake. Chumba kimoja mkono wa kushoto analala mama, watoto wanne na mdogo wake anayesoma skuli ya sekondari. Dirisha lipo, lakini jirani kapandisha ukuta karibu hata mkono haupenyi, basi saa sita mchana wamewasha taa. Jiko la mkaa liko mlangoni kwa chumba, ndani ya ukumbi. Choo ni kimoja kwa nyumba nzima. Nyuma, mfuniko wa karo (shimo la maji machafu ya choo) umepasuka na maji meusi yanachuruzika kufuata msingi. Mfereji nimeuona, nimeufungua, ukatoa pumzi. Maji ya kunywa wanachota kisima cha nyumba ya pili. Nimejumlisha: A. Tena A ya juu.

Ya pili ni ya bibi yangu mzaa mama. Udongo na fito, imepakwa chokaa, bati lake limeshika kutu. Mlango wa mbele unatazamana na wa uani, upepo wa kusi unaingia huku unatokea huku. Wanakaa watu watatu. Choo ni cha shimo, kiko uani, kina kifuniko cha mbao chenye mkono, na pembeni pana kopo la maji na kipande cha sabuni hakikosi. Maji ya kunywa anachemsha. Nimejumlisha: C.

Mwenzangu ananambia "jaza tu shoga, fomu si yako". Lakini nasikia mitaa itakayokuwa na C nyingi ndiyo itakayozungumzwa habari ya kuvunjwa, na ile yenye A itaachwa kama ilivyo. Roho inakataa.

Maswali yangu: kuna namna bora ya kupima nyumba kwa jicho la afya, ambayo mtu asiye daktari anaweza? Na watu nihesabu vipi? Nikiuliza "mko wangapi" naambiwa idadi ambayo kila mtu mtaani anajua si kweli.

---

Mstaafu_wa_Wete:

Waalaykum salaam mwanangu. Kazi hiyo nimeifanya Pemba na Unguja mpaka nikastaafu, na fomu za namna hiyo nazijua. Hiyo inapima mfuko wa aliyejenga. Kwa afya ya anayelala ndani haina habari.

Nitakwambia nilivyokuwa nikifanya mie, wewe chukua utakachoweza.

Kwanza, mbele ya nyumba usipatazame kwanza. Salamu, hodi, kisha omba kupitishwa uani. Watu wa kwetu hufagia baraza kwa ajili ya wapitao, uani ndiko nyumba inakosema. Tazama karo: mfuniko mzima? Pembeni pana unyevu wakati mvua hainyeshi? Ukuta wa msingi una mstari mweusi? Nzi wanatokea wapi? Hapo peke yake umeshapata nusu ya ripoti.

Pili, kisima. Shirika la Afya Duniani lina fomu fupi ya kukagua visima, maswali kumi tu ya ndiyo au hapana, na mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuijaza. Pana choo ndani ya mita 10? Choo kiko juu ya mteremko kuliko kisima? Pana taka au wanyama karibu? Maji yanatuama miguuni pa kisima? Sakafu ya zege inayokizunguka ni nyembamba au ina nyufa? Ndoo na kamba vinalazwa chini? Kila "ndiyo" ya hatari ni pointi moja. Zikifika tatu mpaka tano hatari ni ya wastani, sita mpaka nane ni kubwa, tisa na kumi usisubiri kesho. Mjini kwetu swali la mita 10 linaanguka karibu kila nyumba, kwa sababu kiwanja chenyewe hakifiki upana huo. Tena tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe haya yana nyufa na mapango, maji ya chooni hayachujwi kama yanavyochujwa na mchanga, yanateremka moja kwa moja. Kipindupindu kilitufika 1978, kikarudi mara nyingi, na 2015 na 2016 mmekiona wenyewe. Hakikuuliza nani ana vigae.

Kwa hiyo kile kisima cha nyumba ya pili, mwanangu, ndicho ungekikagua kabla ya kitu chochote, maana kinanywesha nyumba ngapi hujui.

Tatu, hewa. Usiulize "mna dirisha?" kwani watakwambia lipo, na kweli lipo. Chukua kijiti cha udi. Washa katikati ya chumba, mlango na dirisha vikiwa wazi, ukae utazame moshi. Ukilala na kukimbilia upande mmoja, chumba kinapumua. Ukisimama wima mpaka darini kisha ukatanda, hapo pana tatizo, na mgonjwa wa kifua kikuu akilala humo wenzake wote wanavuta anachotoa. Hakuna mwenye nyumba anayekasirika kwa udi.

Nne, watu. Usiulize "mko wangapi". Uliza "usiku analala nani wapi?", chumba kwa chumba, na muulize mama, si baba. Huku unazungumza tazama mikeka na magodoro yaliyokunjwa na kuegemezwa ukutani, tazama mito, hesabu miswaki. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa linasema chumba kikizidi watu watatu hapo nafasi haitoshi. Chumba chako cha mkono wa kushoto kina sita. Na jiko la mkaa mlangoni kwao! Siku ya mvua wakilifunga ndani na mlango, ile hewa ya mkaa haina harufu, haikohozeshi, inaua watu usingizini. Hilo usingoje fomu, rudi uwaambie.

Tano, mbu. Kila mtu anatazama malaria, lakini mbu wa matende na mabusha anazaliwa kwenye maji machafu, kwenye makaro na vyoo vya shimo vyenye maji. Makunduchi mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga vidonge vyeupe vya plastiki ya povu ndani ya vyoo, vile vyepesi vinavyoelea. Vinatanda juu ya maji, mbu hapati pa kutagia, na viluwiluwi vinakosa hewa. Watu nao wakapewa dawa. Mbu walipungua sana na vimelea vikapungua kwenye damu za watu. Naeleza haya kwa sababu lile karo lako lililopasuka ni kiwanda cha mbu, na katika fomu yako limepata 10 kwa kuwa choo kiko ndani.

Halafu jambo kubwa kuliko yote. Usijumlishe. Andika karatasi tatu mbali mbali: nyumba yenyewe, watu na wanavyoitumia, na mazingira yanayoizunguka. Dawa zake ni tofauti. Mfuniko wa karo ni kazi ya mwenye nyumba. Watu sita chumbani ni kodi na umasikini, hilo hutibu kwa kumpiga mtu faini. Mtaro ni Manispaa. Ukivijumlisha, pointi kumi za umeme zinafunika mavi yanayotiririka, niwie radhi kwa lugha.

Na bibi yako naye usimpendelee. Sakafu ya udongo haioshwi kwa maji wala dawa, nyufa za ukuta wa fito wanakaa kunguni, na bati la kutu likivuja ukuta ule utalainika masika moja. Andika na hayo.

---

Mwenye_Nyumba_Hasira:

Nyie wa afya mnapita na vikalamu vyenu mnaandika "karo limejaa, karo limejaa". Kweli limejaa! Nimeita gari la kunyonya, likasimama barabarani, mpira haufiki, uchochoro wetu hata mkokoteni unapita ubavu. Mpaka ulipe vijana wachote kwa ndoo usiku, na wenyewe mnajua wanakokwenda kumwaga. Wapangaji nikiwaambia tuchangie kila mmoja anatazama simu yake. Sasa hapo nyumba yangu ni C kwa kosa la nani? Nipandishe kodi nijenge karo jipya, mtaniita dhalimu.

---

Mstaafu_wa_Wete:

@Mwenye_Nyumba_Hasira ndugu yangu, umesema kweli na ndiyo maana nikataja karatasi ya tatu. Dada anapokagua apime na uchochoro: gari linafika mita ngapi kutoka kwenye karo? Hilo swali katika fomu rasmi sijawahi kuliona, na mjini kwetu ndilo linaloamua kila kitu. Nyumba thelathini zikiandikwa kwamba gari halifiki, hiyo si aibu ya mwenye nyumba tena, ni hoja ya shehia nzima kwenda nayo Manispaa kudai mashine ndogo na sehemu halali ya kumwaga.

Lakini mfuniko uliopasuka huo haungoji gari. Zege na nondo chache.

---

Mpemba_Leicester:

Salaam kutoka Uingereza. Mie nafanya kazi ya ukaguzi wa nyumba kwenye halmashauri huku, basi nieleze wanavyofanya, mtapima wenyewe kama inafaa.

Huku waliacha kuuliza "nyumba nzuri au mbaya". Tangu 2006 wanatumia mfumo wa hatari, uliokuja na Sheria ya Nyumba ya 2004. Hatari ziko 29: unyevu na ukungu, baridi, joto, hewa ya mkaa, msongamano, maji, choo, ngazi, umeme, moto, na nyingine. Kila moja inapimwa peke yake kwa mambo mawili: ina uwezekano gani wa kumdhuru mtu katika miezi 12 ijayo, na ikimdhuru atadhurika vipi. Madhara yana uzito: kifo na yanayokaribia kifo 10,000, makubwa 1,000, ya wastani wa juu 300, madogo 10.

Mfano, ngazi ya nyumba ya Mji Mkongwe, zile zilizosimama wima na hazina pa kushika. Tuseme uwezekano wa kuanguka ni mmoja kwa 20. Katika wanaoanguka, tuseme asilimia 2 wanakufa au wanaharibika kabisa, 8 wanaumia sana, 20 wanavunjika mkono na mfano wake, 70 wanachubuka. Unazidisha kila asilimia na uzito wake, unajumlisha, unagawa kwa 20: inatoka 1,735. Ikifika 1,000 tu, halmashauri haina hiari, lazima ichukue hatua. Nambari nimezitunga mie ili mwone hesabu inavyokwenda, ngazi ya mtu sijaikagua.

Nilichotaka dada akichukue ni kimoja. Anayefikiriwa katika hesabu si yule unayemkuta nyumbani siku hiyo. Ngazi inapimwa kana kwamba anaipanda mtu wa miaka 60 na zaidi. Ukungu unapimwa kana kwamba chumbani analala mtoto wa miaka 14 kushuka chini. Kijana barobaro anaweza kukaa kwenye chumba kibovu asiugue, akihama anaingia mama na mtoto mchanga.

Na msidhani huku kila kitu shwari. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale kwa sababu ya ukungu wa nyumbani kwao. Wazazi walilalamika na kulalamika, wakaelezwa kwamba ni namna yao ya kuishi. Mfumo ulikuwepo, fomu zilikuwepo.

---

Fundi_Chokaa:

Nachomekea kidogo kuhusu unyevu, maana hapo watu wengi wanaandika "ukuta una unyevu" na kupita.

Dada, weka kiganja ukutani. Unyevu ukianza chini na kuishia kiunoni, na rangi inatoa unga mweupe wa chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini au karo la jirani. Ukianza juu na kushuka kama ramani, ni paa au bomba la mvua. Ukiwa doa moja tu katikati, tafuta bomba lililotoboka. Ukiwa pembeni nyuma ya kabati, mweusi wenye nywele nywele, hiyo ni hewa kukosa njia.

Na nyumba za zamani za mawe na chokaa, ukiona zimepigwa plasta ya saruji ili "zipendeze", usiziongezee pointi. Chokaa kinaruhusu ukuta kutoa maji yake nje. Saruji inayafungia ndani, mawe yanalegea kimya kimya, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza. Mie nimeng'oa boriti iliyokuwa nzima kwa macho, mkononi ikavunjika kama keki. Nyumba ya namna hiyo daraja lake si la rangi.

---

Binti_Ngambo:

Jamani ahsanteni sana, Mzee wetu wa Wete Mungu akupe umri.

Nimerudi kwenye ile nyumba ya vigae na kijiti cha udi. Yule mama alicheka, akadhani nimekuja kumfukizia. Moshi ulipanda mpaka kwenye taa ukabaki pale pale, hata mlango ukiwa wazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "kumbe ndiyo maana wanangu wanaamka na vichwa vizito." Jiko tumelihamishia uani chini ya kipande cha bati, kakubali bila ya tabu, alichokuwa akiogopa ni makaa kuibiwa.

Kisima nimekijaza fomu ya maswali kumi. Kimetoka saba. Kamba inalala kwenye tope na shimo la choo naliona kwa macho kutoka pale niliposimama. Nimempelekea sheha, kasema atampigia bwana afya waje wachukue maji wapime, na wakati huo kila nyumba inayochota niipitie niwaambie wachemshe au watie klorini.

Fomu ya A, B, C nimeijaza kama walivyotaka, siwezi kuikataa, ila nimeambatisha karatasi tatu za Mzee kwa kila nyumba. Msimamizi kaziangalia, kasema "hizi hazina pa kuingizwa kwenye kompyuta." Nikamwambia azibane na pini tu.

Limebaki moja linanisumbua. Yule mama kanishika mkono akaniomba nisiandike kuwa wako sita chumbani. Mwenye nyumba alikodisha kwa watu watatu, akijua atamtoa au atampandishia. Kudanganya sitaki, na kumtoa mtu na watoto nje masika hii inakuja sitaki vile vile.

---

Mstaafu_wa_Wete:

Usidanganye, na usimtaje. Karatasi ya watu isiwe na jina wala nambari ya chumba. Andika: "nyumba fulani, vyumba sita, vyumba vinavyozidi watu watatu ni kadhaa." Manispaa wanachohitaji ni idadi ya vyumba vilivyojaa katika shehia, mpangaji yupi hawana haja naye. Karatasi yenye jina la mtu ikae kwako kwa ajili ya ugonjwa tu, kama mtoto anakohoa zaidi ya wiki mbili umfuatilie mpaka kituo cha afya.

Na mwenye nyumba asikuone unaandika ukiwa chumbani kwa mpangaji. Andika ukishatoka, barazani kwa mtu mwingine.

---

Mwenye_Nyumba_Hasira:

Hiyo fomu ya kisima naipata wapi? Kwangu kipo kimoja na nyumba nne zinachota.

---

Binti_Ngambo:

@Mwenye_Nyumba_Hasira kaka, nitumie ujumbe wa faragha uniambie shehia yako. Nina nakala za ziada. Ila nikija, uani tunakwenda wote.